Mmesema, Tumesikia

Picha zilifika Mtae kabla ya pikipiki zenyewe. Issa, jirani na dereva wa bodaboda wa kijiwe cha sokoni, alikuja nazo kwenye simu asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala barabarani. Aliingia huku hodi yake ikimfuata nyuma, kama ilivyo kawaida yake, akawakuta Yohane, dereva mwenzake, na mkewe wanakunywa chai ya rangi. Maziwa hayakuwepo tena katika nyumba ile. Ng'ombe aliyekuwa akiyatoa alishauzwa, na fedha yake yote ilikwenda Tanga kwa wakala wa pikipiki za Jabali, kuwa kianzio cha hizohizo pikipiki zilizokuwa kwenye simu ya Issa.

Yohane aliipokea simu kwa mikono miwili. Aliivuta picha ikawa kubwa, akaitazama kama mtu anayetazama mtoto wake mchanga. Tanki lilikuwa jekundu, limebandikwa stika ya chui anayeruka. Taa ya mbele, iliyokuwa ya duara tangu enzi na enzi, sasa ilikuwa na pembe. Kwenye usukani palikuwa na tundu la kuchajia simu. Chini ya picha waliandika kwa herufi nene: JABALI MPYA. MMESEMA, TUMESIKIA.

"Imetulia," Yohane alisema.

Beatha, mkewe, aliiomba ile simu. Alinyoosha mkono wa kulia, maana wa kushoto ulikuwa haunyooki tena. Hakuitazama taa wala chui. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye gurudumu la nyuma, yakakaa hapo.

"Baba Martin," alisema, "hii si breki ileile?"

Issa alikohoa. Yohane alisema picha hudanganya, pengine wamebadilisha vya ndani, kitu hakihukumiwi kwa kutazamwa ubavuni. Alisema maneno mengi kuliko swali lenyewe. Beatha alimrudishia Issa simu yake, akaondoa vikombe mezani na cha mumewe kikiwa bado na chai.

Mtu wa tambarare hawezi kuielewa hasira ile ya Beatha mpaka aelezwe. Huko Tanga mjini Jabali ni pikipiki nzuri, haili mafuta, haichoki, na spea zake ziko kila duka. Lakini Mtae iko juu mgongoni mwa mlima, na hakuna pa kwenda kutoka Mtae bila kuteremka. Katika mteremko mrefu breki ya nyuma ya Jabali huchemka, hutoa harufu ya kitambaa kilichoungua, na mwisho dereva hukanyaga hewa. Ndiyo maana kila dereva wa kijiwe kile alibeba chupa ya maji ambayo hakuinywa, akasimama njiani kuimwagia breki kama mtu anayemnywesha punda. Siku ambayo maji hayakutosha, Beatha alikuwa amekaa nyuma ya mumewe na furushi la karoti mapajani. Yohane aliona korongo upande mmoja na ukuta wa udongo upande wa pili, akachagua ukuta. Alichagua vema, na Beatha hajawahi kumlaumu kwa hilo. Mkono wake ulivunjika mara mbili, ukaunga vibaya, na tangu siku hiyo alikuwa akimkamua ng'ombe kwa mkono mmoja.

*

Kampuni haikuweza kusema haikujua. Watu wake walikuja Lushoto, wakakodi ukumbi, wakawaita madereva wa milimani na familia zao waseme shida zao. Walikuwepo wawili wa kukumbukwa: Nassir, bwana wa mauzo kutoka Tanga, na Lulu, dada wa masoko kutoka Dar es Salaam, aliyekuwa na sauti laini na viatu visivyofaa kwa tope. Watu walisema. Beatha naye alisimama akapandisha mkono wa gauni, akauonyesha mkono wake mbele ya watu wasiomjua. Lulu alitokwa na machozi. Aliomba kuupiga picha. Akaahidi kwa mdomo wake kwamba toleo lijalo litakuwa na breki ya diski nyuma, isiyochemka upesi, kwa ajili ya watu wa milimani, na akawasihi wasinunue pikipiki za kampuni nyingine wakati huu wa kusubiri.

Wakasubiri. Kampuni nyingine zilileta pikipiki, zikapita mlangoni mwao, na wao wamekaa kama mwali anayemngoja mchumba aliyesema atarudi.

Hapo ndipo Yohane alipofanya kosa ambalo angelifanya mtu wa kwao tu. Nassir alipopiga simu kwamba Jabali Mpya ziko njiani na wenye kianzio ndio watakaoanza kuzipata, Yohane hakungoja azione. Jumapili iliyofuata alitoka mbele kanisani na sadaka ya shukrani. Alimshika mkewe mkono uleule uliovunjika, wakasimama pamoja, akatoa jogoo na gunia la kabichi, akashuhudia mbele ya kanisa zima kwamba Mungu amewafanya wakubwa wamsikie mtu mdogo. Kwaya iliwaimbia. Nje, kwenye mnada wa sadaka, jogoo yule alipandishwa bei mpaka watu wakacheka kwa furaha, na Beatha alicheka pia. Mtu alimshukuru Mungu kwa kitu ambacho hajakitia machoni, na wenzake wakaona kama kimeshafika. Wiki ileile mmoja aliuza ndama. Mwingine alikata miti aliyoipanda kwa ajili ya nyumba ya mwanawe. Hata Issa, asiyeingia kanisani, aliposikia Yohane amesimama madhabahuni kwa jambo lile, alimwambia mkewe Rehema kwamba Yohane si mtu wa kusimama hivihivi.

Sasa picha zilikuwa kwenye kila simu. Beatha alipokwenda bombani na ndoo yake, wanawake waliacha kuzungumza. Walimwamkia, wakamsogezea nafasi mbele ya foleni, heshima iliyozidi kiasi, ile anayopewa mfiwa. Yudith, ambaye mumewe ndiye aliyeuza ndama, alimuuliza taratibu kama ni kweli breki imebadilishwa ndani. Beatha alisema hajui. Yudith akasema, "Lakini mlishukuru." Hakuinua sauti, na hilo ndilo lililomchoma Beatha njia nzima. Alirudi nyumbani maji yanamwagika begani na asijali.

*

Nassir alifika siku mbili kabla ya uzinduzi, na gari la kampuni, na boksi la fulana. Alimwamkia mama mkubwa wa nyumba ya jirani kwa shikamoo ndefu, akakaribishwa sebuleni kwa Yohane, akavisifu viazi alivyowekewa. Kisha akasema lililomleta. Uzinduzi ungefanyika Lushoto mjini, kwenye uwanja, Jumamosi. Kampuni ilitaka mtu wa mlimani apande jukwaani aseme neno, na nani angefaa kumshinda Bwana Yohane? Angesema tu kwamba walisema na wamesikilizwa. Na kampuni kwa kutambua mchango wake ingemfutia salio. Angeondoka uwanjani na pikipiki yake, kadi mkononi, hadaiwi na mtu.

Yohane alilitazama boksi la fulana. Beatha aliyekuwa amesimama mlangoni ndiye aliyeuliza.

"Breki ya nyuma ni ya diski?"

"Mama, maboresho huja hatua kwa hatua," alisema Nassir. "Safari hii wameanza na mwonekano na mfumo wa umeme. Breki ipo kwenye mpango."

"Mkono wangu mliupiga picha."

"Tuliupiga, mama. Na uliwagusa wengi."

"Uliwagusa wapi? Kwenye chui?"

Nassir aliweka kiazi chini. Kwa mara ya kwanza alionekana amechoka. Akasema makao makuu yana takwimu zao, kwamba madereva wa milimani ni wachache, kwamba wataalamu wanaona tatizo si breki bali mwendo, maana watu wanateremka wamezima injini ili kubana mafuta, na breki ya aina yoyote ingechemka. Maneno hayo yalikuwa na ukweli wake, na ndiyo yaliyomkasirisha Beatha zaidi. Ni kweli walizima injini. Walizima kwa sababu nauli ya kuteremka haitoshi mafuta ya kupandia, na hilo pia walilisema kule ukumbini, na Lulu akaliandika.

Yohane alimsindikiza mgeni hadi kwenye gari. Aliporudi alikuwa na fulana mbili begani, amekubali.

Waliongea kwa Kishambaa, kwa sababu ugomvi wao siku zote ulikuwa wa Kishambaa. Beatha alimwambia kwamba ng'ombe alikuwa wake, aliyelelewa kwa majani aliyoyakata yeye, na alimtoa kwa ajili ya breki, hakumtoa kwa ajili ya stika. Yohane akasema ng'ombe hayupo tena hata wakilia, kampuni hairudishi kianzio, na sasa kuna njia ya kupata pikipiki bila salio. Akiikataa, mtoto wao Martin arudi shuleni na nini? Akasema hatadanganya, atarudia tu maneno ya kampuni. Beatha akamuuliza kama anajua tofauti iko wapi. Akamwambia yeye aliwahi kuvunjwa mkono na Jabali na hakumchukia mtu, lakini leo anamchukia kila aliyekaa kwenye vile viti viwili vya sebuleni, na kimoja kilikaliwa na mumewe. Baada ya hapo hawakuongea tena hadi Jumamosi.

*

Lushoto uwanjani spika zilipiga muziki tangu asubuhi. Jabali Mpya kumi na kitu zilipangwa mstari, zinang'aa, na madereva wa Soni, wa Mlalo, wa Mtae na kwingineko walikuwa wanazizunguka. Hakuna aliyevutiwa na chui. Walichuchumaa wote kwa zamu nyuma ya pikipiki, wakainuka, wakatazamana. Mmoja wa Soni aligonga breki kwa ukucha, akasema hii naijua kwa jina la ubatizo. Watu walicheka kicheko kibaya. Mwingine alisema wamemvisha bibi gauni la mjukuu. Mzee mmoja aliyekuja na mwanawe alitaka kujua tundu la kuchajia simu litamsaidia vipi mtu anayeelekea korongoni, ili apige simu ya kuaga?

Lakini walikuwa wanacheka na hawaondoki. Kianzio kilikuwa kimewafunga miguu. Na wanawake walikuwa wamevaa zile fulana za bure juu ya magauni yao, kwa sababu fulana ni fulana. Beatha naye alivaa yake. Alisimama nyuma karibu na Rehema, mke wa Issa, aliyekuwa na mimba ya miezi ya mwisho, akajiapiza kwamba Yohane akisema lile neno, yeye atageuka arudi Mtae peke yake.

Lulu alipanda jukwaani. Safari hii alivaa buti. Alisema kampuni ni familia, na familia husikilizana. Nyuma yake kitambaa kikubwa kilifunuliwa, na pale juu, pembeni ya pikipiki, palikuwa na mkono wa mwanamke, umepakwa rangi ya jua la jioni, kiwiko kimerekebishwa hadi kikanyooka. Chini yake: MMESEMA, TUMESIKIA. Rehema alimgeukia Beatha, akamshika kiuno. Mkono wake walikuwa wameuponya kwenye kitambaa.

Yohane aliitwa. Alipanda na fulana yake mpya, akapokea kipaza sauti, akasoma kwa Kiswahili safi cha shuleni yale aliyoandikiwa: kwamba anaishukuru kampuni, kwamba wao watu wa milimani walisema. Hapo akageuka kukitazama kitambaa. Alitazama muda mrefu kuliko inavyofaa jukwaani. Kisha akamwomba Lulu ruhusa awasalimie wazee wake kwa lugha yao. Lulu alitabasamu, akasema hiyo itapendeza sana.

Yohane aliwasalimia wazee kwa Kishambaa, wakaitikia. Kisha, kwa lugha hiyohiyo na bila kubadilisha uso, akawaambia kwamba breki ni ileile. Akawaambia mkono ulio nyuma yake ni wa mke wake, na mke wake yuko pale, na haujanyooka. Akasema alimshukuru Mungu kanisani kwa kitu ambacho hakukiona, na kwa hilo anawaomba radhi waliouza ndama na waliokata miti. Alisema ameahidiwa pikipiki bila salio ili awadanganye, na hadi alipokuwa anapanda ngazi za jukwaa hili alikuwa amekubali. Mwenye uwezo wa kukiacha kianzio akiache. Asiyeweza, asimpakie mtoto wa mtu kwenye mteremko. Akashukuru, akamrudishia Lulu kipaza sauti.

Lulu alipiga makofi. Alipiga kwa moyo wote, akamwashiria mwenye muziki aongeze sauti. Nassir hakupiga. Mama yake alikuwa Mbondei, na Kibondei na Kishambaa ni lugha ndugu; alikuwa ameelewa kila neno tangu la kwanza. Angeweza kukizima kipaza sauti. Alikuwa amesimama karibu na waya. Alitazama viatu vyake.

Yudith ndiye aliyeanza. Alivua fulana, akaikunja vizuri kama nguo inayorudishwa dukani, akaiweka juu ya kiti cha pikipiki ya kwanza. Mwingine akafuata. Hakuna aliyetukana, hakuna aliyerusha jiwe. Walipita mmoja mmoja, wake kwa waume, mpaka pikipiki zikawa zimefunikwa vitambaa vyeupe na chui haonekani. Beatha aliivua ya kwake kwa shida, kwa sababu ya mkono, na Rehema akamsaidia. Muziki ulikuwa bado unapigwa.

"Wamesemaje?" Lulu alimuuliza Nassir.

"Wamesema wamesikia," alijibu Nassir.

*

Ingekuwa vema hadithi iishie uwanjani. Lakini watu hawali uwanjani.

Jumamosi walivua fulana, na Jumatano lori la kampuni lilipopanda hadi Mtae, walikuwepo kijiweni kuchukua pikipiki zao. Wangefanya nini? Kianzio kilikuwa hakirudi, na pikipiki za zamani zilikuwa zimekufa. Walisaini mmoja mmoja bila kutazamana. Mume wa Yudith alisaini. Issa alisaini. Ya Yohane ilibaki juu ya lori. Nassir hakuja mwenyewe. Alituma kijana, na kijana alisema salio halijafutwa, na kwamba siku Bwana Yohane akilipa, mzigo wake upo Tanga unamngoja.

Yohane alikwenda kulima kibarua kwenye viazi vya mtu. Mwanamume aliyekuwa akisifiwa kote kwa ushujaa wa Jumamosi alikuwa anarudi jioni na udongo hadi magotini, na waliomsifu wanampita barabarani, wanapiga honi ya heshima, wanamwachia vumbi. Bombani wanawake walimsogezea Beatha nafasi tena, safari hii kwa upendo wa kweli, na Beatha aliuchukia upendo ule kuliko ile huruma ya kwanza. Heshima haipiki uji. Alimchukia Lulu na buti zake. Aliwachukia wataalamu wa makao makuu, watu asiowajua hata sura. Kitu pekee alichoshindwa kukichukia, kila alipojaribu, ni uso wa mumewe pale alipogeuka kukitazama kile kitambaa.

"Nilikosea?" Yohane alimuuliza siku moja, ananawa miguu.

"Kanisani ulikosea. Na pale sebuleni ulikosea," alisema Beatha. Akammiminia maji mengine. "Lushoto hukukosea."

Jioni hiyohiyo Issa alikuja. Alisimama nje na Jabali yake mpya, na safari hii alisubiri hodi ijibiwe. Alimwamkia Beatha bila kuinua macho, akasema ana shida kidogo na kaka. Yohane alitoka. Issa aligeuza kofia mikononi, akatafuta pa kuanzia, mwisho akasema kwamba kesho anaanza kuteremka nayo, na kwamba hakuna mwingine pale kijiweni anayejua mteremko ule kama Yohane, basi amekuja kuuliza, kwa kona za chini, ateremke vipi.

Beatha alikuwa na beseni la maji machafu mkononi. Kwa kitambo kidogo alijua hasa pa kuyamwaga. Walimsifu, wakamwacha yeye peke yake alipe, na sasa wanarudi kumuuliza njia ya kutokufa.

Yohane alichuchumaa nyuma ya pikipiki. Akamwonyesha Issa kwa kidole, polepole. Gia ya pili tangu juu, injini isizimwe hata kama mafuta yanakwisha. Breki iguswe na kuachiwa, isikandamizwe. Ukiisikia harufu simama, usiseme nitafika. Issa alikuwa anatikisa kichwa kama mwanafunzi, anarudia maneno kimoyomoyo.

Beatha aliliweka beseni chini.

"Issa."

"Naam, shemeji."

"Rehema usimpakie."

Issa akasema kwamba kliniki ni kesho, na zahanati iko kule chini, na tarehe zake zimekaribia.

"Najua iko wapi," alisema Beatha. "Mwambie anipitie asubuhi. Tutateremka wote kwa miguu."